Chrono Trigger: chakula cha mezani kilichonifikisha kortini

Nimeimaliza gemu ya Chrono Trigger mara nne. Safari hii ya mwisho aliyeishika simu si mimi bali mpwa wangu wa miaka 12, nami nikawa mkalimani wake, kwa kuwa maongezi yote ni ya Kiingereza na ni mengi.

Gemu inaanzia kwenye maonyesho ya kuadhimisha miaka 1000 ya ufalme wa Guardia. Mpwa wangu akafanya kile kile nilichofanya mimi siku ya kwanza: akakuta chakula cha mtu juu ya meza, akakila. Uhai wa Crono, kijana unayemchezesha, ukaongezeka, akafurahi, akasonga mbele. Baadaye kabisa, baada ya kusafiri katika wakati kwenda mwaka 600 na kurudi, Crono anakamatwa kwa kosa la kumteka binti mfalme, na mmoja wa mashahidi ni yule mwenye chakula. Kesi inachimba mengine pia. Ulipogongana pale kwenye maonyesho na msichana, kumbe ndiye binti mfalme, mkaanguka, ulianza kumjulia hali au ulikimbilia kidani chake? Yule mtoto uliyemrudishia paka wake, naye anakuja kukutetea.

"Mjomba, kumbe walikuwa wananiona?"

Walikuwa wanakuona, mwanangu. Hilo ndilo linalonirudisha kila mara. Nimecheza gemu mpya zinazokusimamisha na kukuuliza kwa herufi kubwa uchague wema au ubaya, na ukishachagua husikii tena habari yake. Hii ilitoka Machi 1995 kwenye kaseti ya Super Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, haikuulizi kitu, ila inaweka akilini. Ukimpa mtu nyama kavu bure mwaka 600, unakuta kizazi chake cha mwaka 1000 kimekuwa na mkono wazi. Safari za kwenda nyuma na mbele katika wakati zina maana kwa sababu ulichokipanda unakikuta kimeota.

Ili kuitengeneza, kampuni ya gemu ya Square iliwakutanisha Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest na Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball. Toriyama alipofariki Machi 2024 niliifungua tena usiku, nikamtazama tu Crono na zile nywele zake nyekundu zilizosimama. Muziki ni wa Yasunori Mitsuda, kijana aliyekuwa akitengeneza milio na aliyetishia kuacha kazi asipopewa nafasi ya kutunga. Alifanya kazi mpaka akaugua vidonda vya tumbo, na Nobuo Uematsu akamalizia sehemu iliyobaki. Ukitoka nje mwaka 600 ukasikia ule wimbo wa upepo, weka simu chini uusikilize uishe. Mimi huwa naacha Crono asimame tu.

Mapigano hayajazeeka. Maadui wengi unawaona kabla hawajakufikia, na vita vinaanzia pale pale mliposimama. Kila mpiganaji ana mstari unaojaa, ukijaa ni zamu yake, na wawili wakiwa tayari wanaweza kuunganisha mbinu: Crono na Frog, mwenzake mwenye umbo la chura, wanamkata adui mmoja kwa mapanga yao yakipishana. Ugumu si mkubwa. Ukishazijua mbinu za pamoja, mabosi wengi, yaani maadui wakubwa, wanalainika, na anayetaka kuteswa atafute gemu nyingine. Sehemu za mwishoni nazo zimetawanyika katika zama tofauti, ni rahisi kupotea. Mrudie yule mzee aliye mahali paitwapo Mwisho wa Wakati, maneno yake yanakuelekeza. Ukiwa na kompyuta na pad, nunua ya kompyuta, maana ile mbio ya pikipiki inataka vitufe vya kubonyeza kweli.

Kuna jambo linampata Crono ambalo sitaligusa hapa. Lakini la Robo lazima niliseme, kwa hiyo asiyetaka kujua aishie hapa.

Mwaka 600 kuna mwanamke anaitwa Fiona ambaye eneo lake limegeuka jangwa. Kulirudisha ni kazi ya miaka mamia, na binadamu hana umri huo. Robo, roboti mliyemkuta mwaka 2300 duniani pamekuwa magofu, anajitolea kubaki. Mnaagana naye, mnaingia kwenye Epoch, chombo chenu cha kusafiria wakati, na mnatokea mwaka 1000. Kwenu ni muda wa kufumba na kufumbua. Mahali pa mchanga pamejaa msitu, na ndani yake kuna patakatifu ambamo Robo amewekwa, amechakaa, hatikisiki. Lucca, rafiki wa Crono aliye fundi, anamtengeneza, anaamka, na usiku ule wote wanakaa kuzunguka moto porini.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nililia. Safari hii nilikuwa natafsiri kwa sauti ya chini nikimwangalia mpwa wangu, naye alikuwa kimya tangu Epoch ilipoondoka.

"Miaka 400," akasema mwishowe. "Na usiku alikuwa anafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Moto ulipozimika na kulipopambazuka, mpwa wangu hakwenda niliponyoosha kidole. Aliipaisha Epoch juu ya ule msitu, akauzunguka taratibu, mara mbili, ndipo akaondoka.