Ofisi ya wakili Area C Dodoma, ushauri wa wosia: nyota nne

Nilienda kuulizia wosia wa mdogo wangu. Yupo Johannesburg miaka mingi, kafunga ndoa na mwanaume mwenzie, kule ni halali tangu 2006, ila huku ana kiwanja Ipagala na vijisenti benki. Sasa akitangulia yeye, mwenzie atapata nini? Maana wajomba zangu nawajua, hata arobaini haitafika washapima eneo.

Wakili ni dada wa makamo, haongei haraka, na kikubwa zaidi hakunihubiria. Dodoma hii ukigusa mada kama hiyo mtu anakufungulia Biblia au Kurani kabla hata hajakuuliza jina. Yeye kasikiliza mpaka mwisho ndo akatoa Sheria ya Ndoa ya 1971, akanionesha ndoa kwetu ni ya mwanaume na mwanamke basi, kwahiyo cheti cha Sauzi hata kiwe na mihuri kumi hakimfanyi shemeji mrithi. Akanichana na lingine bila kuzunguka, kwamba kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana kinyume na maumbile, kinaanzia miaka 30 jela mpaka maisha, hivyo wakija kutembea waache mambo ya kuposti.

Ila kwenye wosia wenyewe ndo alinikosha aisee. Mtu unaweza kumwachia mali hata rafiki, anaandikwa jina lake, hakuna haja ya kuandika mume wala nini. Hela za benki zinaenda vizuri tu. Mtihani ni kiwanja, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa ya uwekezaji, na hapo hata mdogo wangu angeoa Mzulu wa kike ingekuwa hivohivo! Dawa yake wosia useme msimamizi auze, pesa ndo imfikie.

Nyota moja nimekata kwa ajili ya mapokezi. Karani anakuuliza shida yako kwa sauti ya mnadani, benchi zima linageuka, nikajibu "mirathi" nikanyamaza. Watu wanafukuzwa nyumba za kupanga kwa maneno madogo kuliko hayo, waweke hata kikaratasi mtu ajaze. Na bei wabandike ukutani jamani, sio mpaka uulize.

Rasimu ishatoka, dogo anakuja Desemba kusaini, mashahidi tumeambiwa asiwemo yeyote anayerithi.