Nairobi hadi New York bila kushuka njiani: uzoefu wangu

Vile vikokotoo vya umbali vilivyojaa mtandaoni viamini kwenye kilomita. Kwenye saa, vichukulie kama bei ya kwanza ya muuza mitumba. Nilipoingiza viwanja vya ndege vya JKIA (Nairobi) na JFK (New York) nilipewa kama kilomita 11,800 na safari ya saa 13 na ushei. Angani tulikaa karibu saa 15.

Kikokotoo hupima njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, kikagawanya kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa, basi. Upepo hakiujui. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ukielekea Marekani unapambana nao, na ukirudi unakusukuma. Ndiyo maana Kenya Airways, walioanza safari hii Oktoba 2018, waliitangaza kuwa ya saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Kuna jambo jingine ambalo abiria wengi hatulifikirii. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya kuvuka Sahara na bahari nzima hupata taabu kunyanyuka, hasa kukiwa na joto. Ubaridi wa usiku husaidia, nasi tuliondoka usiku mkubwa.

Ndege ilikuwa Boeing 787-8. Siti za nyuma ni siti za nyuma tu. Ukiwa mrefu, tafuta ya kwenye ujia. Lakini hewa ya ndani nimeikubali. Katika ndege hii shinikizo la hewa hulinganishwa na mwinuko wa kama mita 1,800, wakati ndege nyingi za zamani hufika hata 2,400. Kwa mkazi wa Nairobi ni kama hujatoka nyumbani! Kichwa hakikuniuma, ingawa miguu ilivimba licha ya kutembea kila mara hadi jikoni kwa wahudumu kuomba maji.

Je, safari ya moja kwa moja inazidi kuunganisha ndege? Kwa kilomita peke yake, tofauti inategemea unapitia wapi. Amsterdam inakuongezea kama kilomita 700 tu. Dubai ni habari nyingine: unasafiri kama kilomita 3,500 upande usio wako, kisha kutoka hapo hadi New York kuna kilomita 11,000, yaani karibu sawa na kutokea Nairobi moja kwa moja. Ila popote utakaposhukia, kinachokula muda ni kusubiri, foleni ya ukaguzi na wasiwasi wa begi kubaki nyuma. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, au mzee asiyejua Kiingereza, ningelipa zaidi ili apande mara moja na kushuka mara moja. Kijana mwenye begi la mgongoni apitie Amsterdam kama nauli ni nafuu.

Kuhusu usingizi: New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 majira yao ya joto, na 8 majira ya baridi. Unatua asubuhi wakati mwili unataka chakula cha mchana, na siku nzima bado inakungoja. Mwambie anayekupokea asipange wageni jioni hiyo.