Kejeli ya Kiingereza iko kwenye sauti, Kiuzbeki kina viambishi

Kwa Kiingereza, kejeli na shaka hubebwa zaidi na kiimbo. Chukua "I like his wife": sauti ikishuka kisha ikapanda kwenye "wife", msikilizaji anaelewa kwamba mume mwenyewe hapendwi, ingawa hakuna aliyemsema vibaya. "Really?" ikipanda ni mshangao, ikishuka taratibu, bila uchangamfu, ni dharau tupu.

Kwa Kiuzbeki, lugha ya Uzbekistan, kiimbo hugawana kazi hiyo na viambishi. "Keldi" ni amekuja, "keldimi?" ni je, amekuja? Kiambishi -mi kimeshauliza, sauti inapaka rangi tu. "Aytdim-ku!" ni "si nilikwambia!", na lawama imo ndani ya -ku. Neno la kusisitizwa nalo mara nyingi husogezwa mbele tu ya kitenzi, ambacho kwa kawaida hukaa mwisho wa sentensi.

Si kwamba Wauzbeki huongea kama wanasoma orodha; "keldimi?" ileile yaweza kuwa swali la upole au la kusuta. Ila kwenye maandishi naona Kiuzbeki kina nafuu, kwa sababu -ku inabaki kwenye karatasi. Sisi wenye "je", "si" na "mbona" hilo halitatushangaza.