Kipoza oili kikubwa kwenye RV-7 yangu: kiangazi kizima na baridi moja ya Arizona

Nimeshakaa na kipoza oili kikubwa kwenye injini ya ndege yangu kwa kiangazi kizima na msimu mmoja wa baridi, na sasa nasema bila kusita: kimenipa nafuu niliyoitafuta. Ila hakikuileta peke yake. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo imetokana na njia ya upepo, na anayejiandaa kutoa mamia ya dola kununua kipoza kipya ningependa aanze na hilo kabla hajaangalia bei.

Ndege yenyewe ni RV-7 ya viti viwili, kutoka seti ya vipande ya Van's Aircraft wa Aurora, Oregon. Nimeijenga kwa mikono yangu, riveti kwa riveti, na inalala kwenye banda katika uwanja wa Falcon Field hapa Mesa, Arizona. Injini ni Lycoming O-360, nguvu farasi 180. Nilipoijenga niliweka kipoza cha safu 7, kimefungwa kwenye bati la kuongoza upepo nyuma ya silinda ya 4, yaani ile ya nyuma kushoto. Wenye ndege hizi wengi wameanzia hapo, na wanaoruka kwenye nchi za ubaridi hukaa nacho miaka nenda miaka rudi bila shida. Mesa si nchi ya ubaridi. Mwezi wa Julai nyuzi joto 41 za Selsiasi mchana ni jambo la kawaida, na kuna siku zinapita hapo.

Kwa asiyeifahamu injini hii: silinda zake hupozwa na upepo unaoingia puani mwa ndege, lakini oili nayo hubeba joto jingi kutoka kwenye pistoni na beringi. Oili ikiwa baridi, thamostati (vali inayoendeshwa na joto) huiachia ipite njia ya mkato bila kwenda kwenye kipoza. Ikikaribia 180 za Fahrenheit (82 za Selsiasi), thamostati hurefuka na kuiziba njia hiyo, oili ikalazimika kuzunguka kupitia kipoza. Kuanzia hapo thamostati imemaliza kazi yake. Joto la nje likiongezeka digrii kumi, na oili yako itaongezeka karibu kumi. Ndiyo maana ndege inayofanya vizuri kabisa Machi inaanza kukutia wasiwasi Julai.

Lycoming wameweka ukomo wa joto la oili wa 245 za Fahrenheit (118 za Selsiasi). Mimi sikuwahi kuufikia. Lakini nikipanda kwa kasi ya noti 110 (maili za baharini 110 kwa saa), tangi zimejaa na kuna mtu pembeni, geji ilisoma 230 hata kabla ya futi 6,500. Hapo ilibidi nilaze pua, niongeze kasi, nisubiri ishuke, kisha nianze kupanda upya. Ukiwa unaelekea kaskazini, milima iko mbele yako na hewa ya joto inakurusha huku na huku, kupanda kwa vipande namna hiyo kunachosha, na abiria anaanza kukutazama usoni.

Kabla ya kununua chochote nilihakikisha kwamba joto lile ni la kweli. Niliifungua sensa ya oili nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota, waya zikiwa bado zimeungwa kwenye geji. Uwanja wetu uko karibu futi 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hayafiki 212 (100 za Selsiasi), huchemkia 209 hivi. Geji ilisoma 210. Sawa, haidanganyi. Baadaye nikaitoa thamostati, nikaining'iniza kwa waya katika maji yale yale pamoja na kipimajoto cha jikoni. Kidogo kidogo kile kichwa chake chenye umbo la pia kikaanza kusogea, na maji yalipofika 185 kilikuwa kimerefuka chote. Jambo la kuangalia zaidi ni alama ya msuguano kwenye kichwa hicho. Inatakiwa iwe pete kamili, unene sawa pande zote. Ikiwa imelika upande mmoja, ujue haikai sawa, oili ya moto inapenya pembeni, na kipoza chochote utakachonunua kitakuwa kinapoza nusu ya oili. Yangu ilikuwa pete safi.

Kilichofuata ni mipira ya kuziba kati ya bati za upepo na boneti. Hewa inayoingia puani inakusanyika juu ya injini kwa shinikizo, halafu inasukumwa chini kupitia mapezi ya silinda (bati nyembamba zinazotawanya joto) na kupitia kipoza. Kila mwanya ni hewa iliyopotea bure. Kwenye boneti utaona mistari myeusi pale mpira unapogusa, na pale mstari ulipokatika ndipo hewa inapotorokea. Nilibadilisha mipira miwili ya kona na kuziba nafasi za maungio kwa silikoni nyekundu ya kuhimili joto. Kwa kazi hiyo tu, ambayo gharama yake haizidi mlo wa mgahawani, oili ilishuka kutoka 230 hadi 223 kwenye kupanda kule kule. Ingekuwa naishi Oregon ningeishia hapo.

Kwa Arizona bado haitoshi, ndipo nikaagiza kipoza cha Stewart Warner cha safu 13. Kimetengenezwa vizuri, lazima niseme. Mapezi yamenyooka, miunganiko imejaa, hakuna mahali palipobanwa au kupinda, na nilipoziba mdomo mmoja na kujaza hewa ndani ya ndoo ya maji hakikutoa hata povu moja. Bei inauma. Zipo bidhaa za bei nafuu zaidi, na zipo zinazotoka kwenye magari ya mashindano, lakini kwenye chombo kinachobeba oili yangu yote sikutaka kubahatisha.

Mahali pa kukiweka ndipo penye uamuzi mkubwa. Usikining'inize kwenye lile bati la nyuma ya silinda ya 4. Bati hilo ni alumini nyembamba, injini inalitikisa saa zote, na hata kile kidogo kilikuwa kimeshaniachia ufa mwembamba kwenye kona ya chini, urefu wa ukucha, ambao niliuona tu nilipofuta oili kwa kitambaa na kuumulika kwa tochi. Kipoza kizito zaidi hapo ni kuita nyufa. Changu nimekihamishia kwenye ukuta wa kuzuia moto, ule wa chuma cha pua unaotenganisha injini na sisi tuliokaa ndani. Ukuta huo nao ni bati jembamba, kwa hiyo nyuma yake niliweka bati la kuuimarisha, nikafunga mabano kwa bolti, na kila tundu likazibwa kwa silanti ya kuhimili moto. Nyuma ya kipoza niliacha nafasi ya kutosha ili hewa ya moto iwe na pa kutokea. Ukikikandika ukutani unakuwa umekiziba pua.

Hewa inafika kwenye kipoza kwa bomba linalotoka juu kwenye bati la nyuma. Wengi hutumia bomba la inchi 3 kwa sababu linapenya kirahisi. Jipe taabu ya kutafuta nafasi ya inchi 4. Eneo la mdomo wa inchi 3 ni inchi za mraba 7 na kidogo, la inchi 4 ni kama 12 na nusu, ongezeko la zaidi ya robo tatu. Baada ya bomba kuna kisanduku kinachobadilisha duara kuwa mstatili wa uso wa kipoza. Kisanduku hicho nilikitengeneza kwa nyuzi za kioo na resini, nikakipa kina kadiri nafasi ilivyoruhusu. Kikiwa kifupi sana, hewa hupiga katikati tu na kona za kipoza hazipati kitu, yaani umelipia safu 13 unatumia 7.

Kaka yangu ni fundi wa rejeta za malori Changamwe, Mombasa, na picha nilizomtumia alizikagua kama anayekagua kazi ya mwanafunzi wake. Akanipigia: "Mdogo wangu, hizo kingo za kisanduku umeziba na nini? Upepo ukipata pa kupita kando, hautahangaika kupita ndani." Hajawahi kugusa ndege maishani mwake, lakini aligusa penyewe. Nilizungushia ukanda wa mpira wa povu wa kuhimili joto kingo zote.

Hozi za oili ni mpya, za teflon zenye soksi ya kuzuia moto, nusu inchi kwa ndani. Injini imekaa kwenye raba na inaruka ruka inapowaka na inapozimwa, wakati ukuta hausogei, kwa hiyo hozi lazima ziachiwe mkunjo wa kutosha. Upande wa injini nilitumia viunganishi vya chuma badala ya vile vya alumini vya rangi ya buluu. Uzi wa viunganishi nilipaka dawa ya kuziba ya maji maji kiasi kidogo, nikaacha uzi wa mwanzo mkavu. Utepe mweupe wa mafundi bomba haufai hapa, kipande chake kikikatika kinasafiri na oili.

Kabla ya kuwasha, plagi za chini nilizitoa na kuizungusha injini kwa stata mpaka geji ya shinikizo ikainuka, maana kipoza na hozi zilikuwa tupu. Nikaongeza oili kufidia iliyoingia humo, nikaiwasha kwa muda mfupi, nikazima na kukagua kila kiungo kwa kidole na karatasi nyeupe. Kavu. Kwa sheria za hapa Marekani, ndege yenye cheti cha majaribio iliyojengwa na mwenyewe unaruhusiwa kuifanyia kazi ya namna hii bila kibali maalumu cha marekebisho kinachodaiwa kwa ndege za kiwandani. Hata hivyo niliandika yote kwenye daftari la ndege, nikaipima upya na kukokotoa kitovu cha uzito, kwa sababu kilo zilizoongezeka ziko mbele.

Sasa vipimo, sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Nilichukua geji kuukuu ya kasi ya hewa, nikaunga vipaipu viwili vyembamba vya plastiki. Kwa kipimo kimoja vilikwenda juu na chini ya injini, kwa kingine mbele na nyuma ya kipoza. Geji hiyo kimsingi hupima tofauti ya shinikizo, kwa hiyo inakuonyesha nguvu inayosukuma hewa kupita ndani. Nikipanda kwa noti 110, tofauti kati ya juu na chini ya injini ilisoma noti 85, na kwenye kipoza chenyewe 78. Shinikizo hupanda kwa mraba wa kasi, hivyo 85 kwa 110 ni kama asilimia 60 ya shinikizo lote la upepo, na 78 ni asilimia 50. Maana yake bomba na kisanduku vinakula sehemu, lakini si nyingi, na kipoza kinapata cha kutosha. Anayelalamika kwamba kipoza chake kipya hakifanyi kazi, namwomba afanye jaribio hili kabla ya kukirudisha dukani.

Matokeo: siku ya nyuzi 41, mzigo ule ule, kupanda kule kule, oili iliishia 208 (98 za Selsiasi) bila kulaza pua popote. Nikishatulia angani inakaa kati ya 190 na 195. Silinda ya 4 nayo ilipungua kama digrii 12, kwa kuwa mapezi yake hayagombanii hewa tena na kipoza kilichokuwa mgongoni mwake. Sikulitarajia hilo na nimelipenda sana.

Upande wa pili wa shilingi ni Januari. Kwenye futi 9,500 asubuhi ya baridi oili ilikataa kupanda, ikabaki 160 na kitu, kwa sababu kipoza kikubwa hupoza hata ule mchirizi mdogo unaopenya wakati thamostati haijaziba kabisa. Oili ya namna hiyo haivukizi unyevu ulioko ndani ya injini, na kwenye Lycoming kemshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini), nundu zake zinategemea oili inayorushwa tu, ndiyo ya kwanza kushika kutu ndege ikikaa bila kuruka. Dawa ni kilango cha mviringo ndani ya bomba la inchi 4, kinachofungwa kwa kebo kutoka kwenye dashibodi. Nikikivuta robo tatu, oili inapanda hadi 180 na inakaa. Kihesabu kilango kama sehemu ya kipoza, ukinunue siku moja na kipoza. Wanaobandika utepe wa alumini usoni mwa kipoza wanafanikiwa pia, ila utepe huwezi kuubandua ukiwa angani ukishuka kuelekea bonde lenye joto.

Kwa anayeruka pwani yenye joto au jangwani na injini ya farasi 180 kwenda juu, ningekinunua tena kesho, kwa bomba la inchi 4, ukutani, na kilango chake. Kwa anayeona 215 siku mbili tatu tu za mwaka, azibe mianya ya upepo na ahifadhi pesa zake. Mimi kila ninapomwaga oili namulika kona nne za mabano na shingo za hozi, na hadi sasa hakuna ufa wala unyevu.