Yankee Stadium Mpya: Vipimo ni Vile Vile, Umbali Sio Ule

Ukishuka treni ya namba 4 katika stesheni ya Mtaa wa 161, Bronx, jijini New York, unajikuta kati ya viwanja viwili vya besiboli, mmoja ukiwapo na mwingine ukiwa umeshaondoka. Upande wa kaskazini wa mtaa huo upo Yankee Stadium mpya, nyumbani kwa timu ya New York Yankees, uliofunguliwa mwaka 2009 kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.5. Upande wa kusini, pale uwanja wa kwanza uliposimama tangu Aprili 18, 1923 hadi mchezo wake wa mwisho wa Septemba 21, 2008, sasa kuna nyasi na uzio wa waya. Niliwahi kuingia katika ule wa zamani mara chache kabla haujafungwa, na huu mpya nimekwisha kuuzoea. Waliojenga waliamua kuunakili ule wa kwanza, tena kwa makini sana, kwa hiyo anayeutathmini hana budi kujiuliza iwapo walichonakili ndicho hasa watu walichokipenda.

Nianze kwa kuupa uwanja mpya haki yake. Katika ule wa zamani, kwenda kununua maji kulikuwa safari ya kupigana vikumbo ndani ya korido zenye giza, zenye upana wa wastani wa futi 17, na uliporudi kitini ulikuta mambo mawili matatu yamekupita. Korido za sasa zina upana wa wastani wa futi 32, na sehemu kubwa zimeachwa wazi upande wa ndani, hata mtu aliye kwenye foleni ya chakula aweze kumwona mrushaji akijiandaa kurusha. Lifti za mashabiki zilikuwa 3 na sasa ni 16, na kwa mzee mwenye magoti mabovu au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, namba hiyo peke yake inatosha kumaliza ubishi. Viti ni vipana zaidi na nafasi ya miguu imeongezeka. Atakayedai kwamba uwanja wa zamani ulikuwa na starehe kuliko huu atakuwa anaisingizia kumbukumbu yake.

Kwa sura pia kazi imefanywa kwa heshima. Kuta za nje zinafuata umbo la mwaka 1923, na ule urembo mweupe wa matao unaoning'inia kwenye ukingo wa paa, ambao kila shabiki anautambua hata kwenye picha ndogo, umerudishwa kuzunguka jukwaa lote la juu. Hapa pana kinaya ambacho waombolezaji wengi wa uwanja wa zamani hawapendi kukumbushwa: urembo wa asili, uliotengenezwa kwa shaba, uliondolewa katika ukarabati mkubwa wa miaka ya 1974 na 1975, wakati timu ilipohamia Shea Stadium, uwanja mwingine wa jiji hilo hilo, kwa misimu miwili, na baada ya hapo kilichobaki kilikuwa nakala ya zege nyuma ya mabenchi ya mbali. Uwanja uliobomolewa haukuwa tena ule ambao Babe Ruth, nyota mkubwa wa timu hiyo, alipiga mpira wa kuvuka uzio siku ya ufunguzi. Ulikuwa umekwisha kubadilishwa sana, na watu wakaupenda hivyo hivyo.

Umbali wa kutoka anaposimama mpigaji hadi kwenye uzio nao umenakiliwa: futi 318 upande wa kushoto kabisa, 408 katikati, 314 upande wa kulia kabisa, kama ilivyokuwa mwaka 2008. Hata hivyo, ukuta wa kulia umenyooka mahali ambapo wa zamani ulikuwa umejikunja, na msimu wa kwanza ulipoanza kila mtu aliona jinsi mipira ilivyokuwa ikiuvuka upande huo kwa wepesi. Namba zilizoandikwa ukutani ni sahihi, ila kati ya namba moja na nyingine ndipo mambo yalipobadilika.

Lakini tofauti kubwa zaidi iko kwenye majukwaa. Jukwaa la juu la uwanja wa zamani lilikuwa mwinuko mkali ulioning'inia juu ya wachezaji, kiasi kwamba aliyenunua tiketi ya bei nafuu alihisi kama angeweza kumdondoshea mchezaji karanga kofiani, na katika usiku wa michezo mikubwa zege lenyewe lilitikisika chini ya miguu ya mashabiki. Jukwaa la juu la sasa limesogezwa nyuma, kwa sababu korido pana na vyumba vya kifahari, ambavyo vimeongezeka kutoka 19 hadi 56, vilihitaji nafasi yake. Kelele zinapanda na kupotea hewani badala ya kumwagika uwanjani. Chini, karibu na mpigaji, kuna viti vya thamani vilivyotenganishwa na umma kwa ukuta mfupi ambao mashabiki wenyewe wameupachika jina la handaki. Baadhi ya viti hivyo viliuzwa dola 2,500 kwa mchezo mmoja mwaka 2009, vikakaa vitupu mbele ya kamera za televisheni, na kabla ya mwezi wa kwanza wa msimu kwisha bei hiyo ikakatwa kwa nusu. Timu ilitwaa ubingwa mwaka huo huo, jambo lililowanyamazisha wengi kwa muda.

Hali ni hiyo hiyo katika Monument Park, bustani ya mabamba ya kumbukumbu iliyo nyuma ya uzio wa katikati. Nelson Mandela ana bamba lake hapo tangu mwaka 2014, kwa ajili ya mkutano wa Juni 1990 ambapo alivaa koti la timu na kuuambia umati kwamba yeye ni Yankee. Bamba ni zuri, nami husimama mbele yake kila niendapo. Lakini mahali aliposimama ni ng'ambo ya mtaa.

Kilichohama kikiwa hai kimehamishwa na watu wenyewe. Kundi la mashabiki wa mabenchi ya upande wa kulia, lililokuwa sehemu ya 39, sasa linakaa sehemu ya 203, na mchezo ukianza tu huliita jina la kila mchezaji aliye uwanjani, isipokuwa mrushaji na mdakaji, wala halinyamazi mpaka mwenye jina apunge mkono. Tiketi ya huko naipendekeza kuliko kiti chochote cha chini. Asiyependa kelele na achukue jukwaa la juu nyuma ya mpigaji, ambako mchezo wote unaonekana umbo lake kwa pamoja.

Ni vizuri kufika mapema, kwa kuwa Monument Park hufungwa dakika 45 kabla ya mchezo kuanza, na ukiwa na nafasi vuka kwanza upande wa kusini. Uwanja mpya ulijengwa juu ya bustani za umma, na wakazi wa mtaa walisubiri hadi mwaka 2012 ndipo wakapewa Heritage Field, viwanja vitatu vya besiboli juu ya ardhi ya uwanja wa zamani. Mara ya mwisho nilikuta watoto wakibishana kama mkimbiaji amefika kituoni kabla ya mpira, vumbi likiwa limewajaa hadi kwenye soksi. Karibu nao bado lipo bomba la moshi la uwanja wa zamani, refu futi 138, lenye umbo la gongo la kupigia mpira la Babe Ruth. Lango lililokuwa kando yake halipo tena, lakini mashabiki wanaopanga kuonana kabla ya mchezo bado huambiana wakutane kwenye gongo.