Anthiasi wa chungwa: rangi tele, tumbo halishibi

Kwa rangi, anthiasi wa chungwa (Pseudanthias squamipinnis), samaki wa miamba ya baharini anayefugwa tangini, hana mpinzani. Jike ni la chungwa, na mstari unashuka kutoka jichoni hadi kwenye pezi la ubavuni. Dume ni zambarau, na mwiba mmoja mrefu umechomoza sehemu ya mbele ya pezi la mgongoni. Kosa linalorudiwa ni kununua madume kadhaa kwa sababu ndiyo yanayong'aa. Yatauana. Chukua dume moja na majike matano au zaidi, kwenye tangi la lita 400 kwenda juu. Hata majike matupu yanatosha: lenye ubabe kuliko mengine litageuka dume lenyewe.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji awalishe mbele yako. Asiyekimbilia chakula, au aliyebonyea tumbo na kukonda mgongo nyuma ya kichwa, mwache hukohuko.

Udhaifu wake ni mlo. Miambani hudonoa planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) kutwa nzima, hivyo ukimlisha mara moja kwa siku atakonda huku unamtazama. Mpe kidogokidogo, mara tatu au zaidi: atemia (vijidudu vya majini jamii ya kamba) na kamba wadogo waliogandishwa. Wayeyushe, uwachuje, umwage maji yake. Ukiyatia tangini unalisha mwani.

Joto nyuzi 24 hadi 26, mkondo wa maji uwe wa kutosha. Funika kwa wavu wa matundu madogo, maana akishtuka huruka, na asubuhi utamkuta sakafuni amekauka.

Anayeanza ufugaji, au asiyeshinda nyumbani na hana mashine ya kulishia, asimnunue.