Mnafu, Kisamvu na Mgagani: Mgahawa wa Mboga za Asili Karibu na Soko la Kilombero, Arusha

Mgahawa huu mdogo ulio jirani na soko la Kilombero umefanya jambo ambalo wapishi wengi wa mjini hawalithubutu, kwani mboga za majani za asili ndizo kitoweo kikuu, na nyama huletwa kwa anayeiagiza tu. Sahani ya ugali wa dona na mboga za aina tatu inauzwa shilingi 3,000, bei ambayo kwa chakula cha ubora huu naiona ya haki kabisa.

Mnafu ndio unaostahili sifa kubwa kuliko vyote. Mpishi huuchambua mbele ya wateja, akiondoa vikonyo vigumu pamoja na vitunda vyote vya kijani, na anafanya vema, kwa kuwa vitunda vya mnafu visivyoiva vina solanini, sumu inayopatikana pia katika viazi mviringo vilivyogeuka rangi kuwa kijani. Mbegu anayoipendelea ni Nduruma, mojawapo ya aina zilizotolewa na World Vegetable Center, kituo cha utafiti chenye ofisi ya kanda papa hapa Arusha. Majani hukaangwa kwa muda mfupi na kitunguu, kisha huungwa kwa karanga zilizosagwa, na mafuta ya karanga hizo huusaidia mwili kufyonza beta-karotini, ambayo hugeuzwa kuwa vitamini A inayohitajika kwa macho na kwa kinga ya mwili. Uchungu wake haukufichwa, bali umetulizwa tu, na ndivyo mnafu unavyopaswa kuwa.

Kisamvu nacho kimepikwa na mtu anayekijua. Hutwangwa kwenye kinu hadi kilainike, kikachemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, ndipo kikatiwa tui la nazi. Kutwanga na kuchemsha huko ndiko kunakoiondoa sayanidi iliyomo katika majani mabichi, kwa hiyo mpishi anayefupisha kazi hiyo anahatarisha afya ya walaji wake. Wengi huthamini muhogo na kuyadharau majani yake, ilhali protini iko kwenye majani kuliko kwenye muhogo wenyewe.

Mgagani ndio uliovunja moyo wangu. Huchemshwa mara mbili na maji yake kumwagwa ili uchungu upungue, na kwa njia hiyo sehemu kubwa ya vitamini C na foleti, ambayo wajawazito wanaihitaji mno, humwagwa pia. Wapishi wa Kisii nchini Kenya huutuliza uchungu huo kwa maziwa, na ningefurahi sana kuona njia hiyo ikijaribiwa hapa. Mlenda ni mzuri, ila magadi yamezidi, na magadi huiharibu vitamini C.

Kuna mambo mawili ambayo ningemwomba mwenye mgahawa ayarekebishe. La kwanza ni chai ya rangi inayoletwa pamoja na chakula, kwa sababu chai hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo katika mboga hizi; kipande cha limau kingefaa zaidi, maana vitamini C huongeza ufyonzwaji huo. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni tangazo la ukutani linalodai kwamba mnafu unaponya kisukari na shinikizo la damu. Mboga hizi ni lishe bora, lakini si mbadala wa dawa, na mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kuongeza kiasi cha mboga za majani anachokula, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Huduma ni ya haraka na ya heshima, maji ya kunawa ni ya moto, na vyombo ni safi. Anayetaka mnafu afike kabla ya saa saba mchana, kwa kuwa ndio unaotangulia kwisha.